Mgongo wa Mama Mkwe

Kliniki nzima walimwita Bwana Mgongo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mgonjwa hajamaliza kueleza, tayari mikono ya Bwana Mgongo iko mgongoni mwake, inapapasa pingili moja baada ya nyingine. Aliwaambia kwamba mgongo si fimbo moja. Shingo inageuka huku na huku bila shida. Sehemu ya juu, yenye mbavu, nayo inageuka vizuri. Lakini ya kiunoni kazi yake ni kuinama na kuinuka, ukiilazimisha kugeuka unajitafutia balaa. Na macho yanadanganyika, alisema, mikono haidanganyiki.

Kisha akaja mama mkwe.

Mama huyu aliendesha gari la mikate, na kwa usukani hakuwa na mpinzani. Alirudi kinyumenyume kwenye vichochoro ambavyo madereva wanaume waliviona hivi hivi wakapita. Ila siku hizi mgongo wa juu ulikuwa umekakamaa, kugeuka kuangalia nyuma ni kazi, na mwenye bekari alishaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Asipopona, gari angepewa mtu mwingine.

Bwana Mgongo, mtu wa kushika migongo ya watu kutwa, akaingiwa na haya. Amtie mikono mama aliyemzalia mke? Akasimama kule mlangoni, akamwelekeza kwa mdomo tu: keti kwenye kiti, kunja mikono kifuani, geuka polepole, angalia ukuta. Mama naye, macho chini, mtandio umemfunika mpaka mapajani, akageuka. Bega likaelekea ukutani. Akamwambia vizuri sana, mama, fanya hivyo kila asubuhi, na wote wawili wakashusha pumzi kwa kuwa shughuli imekwisha.

Kumbe chini ya mtandio mgongo wa juu haukusogea hata kidogo. Makalio ndiyo yaliyoteleza kwenye kiti, na kiuno ndicho kilichosokotwa. Mikono ingelijua hilo papo hapo. Mama wa watu akafanya zoezi lake kwa bidii, mpaka siku moja akiwa anageuka kurudisha gari, kiuno kikamkamata, mguu ukateleza kwenye breki, gari likagonga ukuta wa duka. Hakuumia mtu mwingine. Mikate ilimwagika njiani, na mama akateremshwa kwa kubebwa, watu wakimtazama.

Jioni alikuwa amelazwa sebuleni kwa binti yake. Binti alimgeukia mumewe.

"Siku ile ulimpima kwa mikono, kama unavyowapima wengine?"

 Kabla mumewe hajajibu, mama akadakia.

"Alinishika vizuri tu, mwanangu. Mimi ndiye sikufuata alivyonielekeza."

Mke akamwomba radhi mumewe kwa kumshuku, akaenda jikoni kuchemsha maji. Na yeye, Bwana Mgongo mzima, akaipokea hiyo radhi. Akasema si kitu. Aliposikia sauti yake mwenyewe alitamani ardhi ipasuke immeze.

Akapiga magoti, akaomba ruhusa, akamsaidia mama kulala ubavu. Kiganja kimoja akakiweka kiunoni, kingine katikati ya mabega. Haikuchukua muda. Juu pagumu kama ubao, chini pamekaza na pana joto.

"Mama, mbona hukuniambia kiuno kinauma?"

"Ningekwambiaje, baba? Ulikuwa huwezi hata kunisogelea."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila funguo za gari wameshazichukua."

 Bwana Mgongo alikuwa bado amepiga magoti vile vile mke aliporudi na beseni la maji ya moto. Alipowaona, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema huwa anawaambia majirani kwamba mama yake ana bahati, mkwe wake anajua kazi.

Chini ya kiganja chake Bwana Mgongo akausikia mgongo wa mama ukikaza, ukisubiri atakachosema.

"Siku ile sikumshika," akasema, na hakuthubutu kuinua macho.