Nilivyozinyoosha Kadi za Mke Wangu

Mke wangu alikuwa mpiga taipu wa chuo. Kila jioni, kwa miaka kumi na mmoja, aliandika kadi: neno la Kiarabu, chini yake la Kiebrania, halafu maana kwa Kiswahili. Alikuwa akitafuta maneno yaliyotoka mzizi mmoja.

"Bwana wee, sikia," ananiambia, mimi nashona soli. "Damu, Waarabu na Wayahudi wote wanasema dam. Kaburi, hawa kabr, wale kever."

"Kumbe ndugu! Mbona hawaelewani?"

"Wewe na kaka yako mnaelewana?"

Wakubwa wa chuo hawakutaka hata kuzitazama. Mpiga taipu apige taipu, wakasema. Akaugua, akafa, akaniachia masanduku manne ya viatu yamejaa kadi.

Nyumba ikawa kubwa ghafla. Nikayafungua masanduku nipate cha kushika. Mimi niliishia darasa la tatu, nasoma Kiswahili tu. Nikaona vurugu: karibu imekaa na jamaa na sadaka, kitabu kimekaa na barua. Nikasema maskini, maradhi yalimchanganya. Miezi miwili nikazipanga kwa a, be, che. Zikanyooka kama gwaride.

Juzi akaja mwalimu wa chuo. Mkuu mpya anataka kuzichapisha, tena kwa jina la marehemu. Nikamkaribisha kifua mbele. Akavuta kadi kumi, ishirini, akaketi.

"Mzee wangu, nani amezigusa?"

"Mimi. Zilikuwa ovyo."

"Hazikuwa ovyo. Kila fungu lilikuwa ukoo mmoja, maneno ya mzizi mmoja. Maneno hata kamusi inayo. Kazi yake ilikuwa kujua lipi likae na lipi, na hakuandika popote."

"Mngekuja yeye yu hai, si angewaambia mwenyewe? Mlikuwa wapi?"

"Sikuwepo mimi, mzee."

"Hamkuwepo nyote!"

Akasema pole, akaondoka mikono mitupu.

Sasa nakaa mezani nakumbuka alivyokuwa akinisimulia. Fungu nililolikumbuka nalifunga kwa uzi wa viatu. Nimefikisha saba. Zilizobaki zimejaa masanduku matatu na nusu.

Wakubwa nawalaumu, na nitawalaumu mpaka nizikwe. Lakini mengi aliyasema nikiwa nimefungulia redio, namwitikia "ehe, ehe" bila kusikia. Na redio ile hakuna mkubwa aliyekuja kunifungulia.