Meli Iliyosingiziwa

Familia ilikuwa imegawanyika pande mbili, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa meli.

Sebuleni, meza ya chai haikuonekana tena. Ilikuwa imefunikwa na vipeperushi vya safari, vingine vimeanguka chini, kimoja kina alama ya kikombe. Baba alikuwa upande wa Samawati, kampuni yenye meli ndogo, tulivu, ina maktaba na viti vya kujinyoosha. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa upande wa Zumaridi. Hao meli zao ni kubwa kama mtaa, zina mabomba ya kuteleza ambayo unaingia juu kabisa unatokea bwawani, na zina klabu ya watoto inayowachukua asubuhi na kuwarudisha wamechoka hoi.

"Kaka, maktaba?" Shangazi alisema, mkono kiunoni. "Unawapeleka watoto baharini wakasome? Si uwaache shuleni tu, likizo ya nini basi!"

"Mimi nataka kupumzika."

"Utapumzika ukistaafu."

Bosi alicheka. Bosi ni mtoto wa mwisho wa Baba, darasa la kwanza, na aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa akitoa amri. Yeye kura yake ilijulikana. Kipeperushi cha Zumaridi alikuwa akikibeba hata chooni, na ile picha ya bomba la kuteleza ilishafifia kwa kupitishiwa kidole. Binti wa Shangazi naye alikuwa upande huohuo, tena kwa sauti. Huyo wote walimwita Redio. Ukimwambia jambo asubuhi, mchana mtaa mzima unalo.

Dada yake Bosi aliitwa Kimya. Alikuwa na miaka kumi na minne, rika moja na Redio, lakini akiitikia salamu ungedhani ni pazia limepepea. Alikaa pembeni ya kochi, magoti pamoja. Hakuna aliyemuuliza anataka meli gani, maana ilijulikana atasema yoyote tu.

"Haya, mmenishinda," Baba alisema mwisho, akinyanyua mikono. "Zumaridi. Lakini mkiniziba masikio kwa kelele zenu nitashukia bandari ya kwanza."

Bosi alipanda juu ya kochi kwa furaha. Shangazi akafungua ukurasa wa vyumba. "Sasa sikilizeni raha. Vyumba viwili vyenye mlango katikati. Mimi chumba hiki, wasichana wetu wawili hiki cha pili, peke yao kama wakubwa! Baba na Mama na Bosi kule ng'ambo ya korido. Na kitanda kimoja kinashuka kutoka darini, mmeona?"

"Mimi nalala juu!" Redio alipiga kelele. "Kimya, wewe chini. Tutapiga stori mpaka asubuhi!"

Kimya alitabasamu kwa mdomo tu.

Maana Kimya alikuwa bado anakojoa kitandani.

Si kila siku. Wiki nyingine zilipita salama mpaka akaanza kujidanganya kwamba yameisha, halafu anaamka shuka limemganda mwilini. Aliyejua ni Mama peke yake, na hata wao wawili hawakuwahi kulizungumza. Mama alichukua shuka, akafua, akaanika nyuma ya mataulo makubwa, basi. Baba hakujua. Samawati ilikuwa na vyumba vya watu wanne, yeye angelala karibu na Mama. Kwenye Zumaridi angelala na Redio. Na Redio ni Redio.

Aliona kabisa jinsi itakavyotangazwa: kwanza kwenye meli, kisha nyumbani, kisha shuleni.

"Ile meli watu waliugua," alisema.

Sebule nzima ikageuka.

"Umesemaje, mwanangu?" Baba aliuliza.

"Zumaridi. Watu waliugua. Matumbo." Alishika ukingo wa kochi. "Msichana mmoja wa shuleni alikuwemo. Na mama yake. Walifungiwa vyumbani wasitoke. Watoto walikuwa... wanatapika kwenye yale mabomba."

Hiyo ya mabomba hata hakuipanga. Ilitoka yenyewe.

Redio alikunja uso. "Msichana gani? Mbona mimi sijasikia?"

"Humjui."

Angekuwa Redio kasema hayo, wangemcheka. Angekuwa Bosi, wangemwambia akanawe mikono. Lakini huyu alikuwa Kimya. Baba alimtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama, kama mtu aliyegundua ana akiba asiyoijua. "Huyu mtoto," alisema taratibu, "hafungui mdomo ovyo. Akisema neno, lipo."

Mama alikuwa anakusanya vikombe. Alisimama kidogo, akamwangalia binti yake, akaendelea kukusanya.

Bosi alilia mpaka akapata kwikwi. Alimsogelea dada yake na kile kipeperushi, akamwuliza, "Hata hili bomba la kijani? Hili nalo walitapika?" Kimya akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Alitaka kujipiga kofi.

Alidhani yameishia hapo. Watachukua Samawati na kila mtu atasahau. Kumbe Baba alikuwa na lake rohoni.

Jumamosi walikwenda wote ofisi ya wakala wa safari, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Kulikuwa na mabango ya meli ukutani, feni inayolia, na samaki wawili kwenye tangi la kioo. Dada wa wakala, aliyekaa mezani kuuza tiketi, alikuwa bado mgeni kazini, ungejua kwa jinsi alivyosimama kila mtu akiingia. Mbele yake walikaa bwana mmoja na mkewe, na mtoto wao amelala kwenye kigari.

"Karibuni, wazee wangu, nawamalizia hawa sasa hivi," alisema. "Nao wanachukua Zumaridi, ile mliyoniulizia kwa simu."

Baba akakohoa. "Kabla hujawamalizia, dada, hebu waambie ukweli."

"Ukweli gani, mzee?"

"Wa ugonjwa. Watu wamefungiwa vyumbani, watoto wanatapika, na wewe unakaa hapa unauza tu. Sisi tuna watoto. Na hawa wana mtoto mchanga!"

Yule mama wa kigari alimgeukia mumewe. Dada wa wakala aliwatazama wote kwa zamu. "Mimi sijasikia habari hiyo. Kweli tena."

"Hujasikia au unaficha?" Shangazi akaingia, na Shangazi akiingia mlango haufungiki tena. "Mnatuona sisi hatuna masikio? Mnatusafirisha kama mizigo!"

Mke wa yule bwana alishika kigari. "Twende zetu," alisema. Dada aliwafuata mpaka mlangoni, akisema samahani, ngojeni kwanza, naweza kupiga simu mkasikia wenyewe. Walishashuka ngazi, magurudumu yakigonga, ta, ta, ta.

Kelele zikamtoa meneja chumba cha ndani. Hakuuliza wateja. Alimwuliza yule dada, tena mbele ya watu: "Unauza meli ambayo hujaiulizia habari zake? Hivi ndivyo tulivyokufundisha?"

"Mkuu wangu, nimeuliza. Nauliza kila wiki."

"Mbona wateja wanajua na wewe hujui?"

Dada alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Akamgeukia Baba. "Mzee wangu, nakuomba, ni nani aliyekwambia?"

Baba alinyoosha mkono kwa fahari, akauweka begani kwa Kimya. "Binti yangu huyu. Na huyu hasemi ovyo."

Kimya alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini walikuwa ghorofani, angeangukia duka la dawa. Mkono wa Baba ulikuwa wa moto begani. Alimwona yule dada akimwangalia bila hasira, anangoja tu, kama mgonjwa anayengoja kusomewa majibu.

"Nimetunga," alisema.

"Sema kwa sauti, mwanangu, usiogope."

"Nimetunga, Baba. Hakuna aliyeugua."

Mkono ukaondoka begani. Baba alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekosea nyumba, akamtazama meneja, akatazama viatu vyake.

"Ulitunga?" Bosi aliuliza. "Hata la kijani?"

"Kwa nini?" alisema Shangazi. "Kwa nini utunge kitu kama hicho?" Shangazi akafikiri, na uso ukaanza kumshuka. "Tulikuwa tunapanga vyumba. Wewe ulisema vile nilipopanga vyumba. Ni mwanangu? Hutaki kulala na mwanangu?"

Kimya angeweza kukataa. Lakini uongo mwingine haukuwa na pa kukaa. Akainamisha kichwa.

"Loo," Shangazi alisema polepole. "Ana nini mwanangu? Ananuka?"

"Wifi, subiri," Mama alisema.

"Nisubiri nini, wifi? Mtoto niliyembeba mgongoni huyu!"

Redio, ambaye kwa kawaida angekuwa ameshajibu mara tano, alimshika Kimya mkono akamvuta mpaka kwenye tangi la samaki. Alisema kwa sauti ndogo, ambayo Kimya hakujua kama anayo.

"Ni ile ya godoro, siyo?"

Kimya aliganda.

"Ulipolala kwetu mwaka juzi. Uliligeuza ukadhani basi. Mimi nilitandika kitanda baada ya wewe kuondoka. Nikamwambia mama yangu nimemwaga maji, akanichapa kwa kandambili."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani?" Redio alionekana kukasirika kidogo. "Kwani mimi ni mtu wa hivyo?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Muda wote alikuwa akimwogopa huyu, ametunga tauni nzima kwa ajili ya kumkwepa, na huyu alikuwa ameshakula kandambili kwa ajili yake. Aibu ya shuka aliizoea. Hii ilikuwa nyingine, haifuliki.

Alirudi mpaka kwa Shangazi, akasimama kwa vidole vya miguu, akamnong'oneza sikioni.

Tatizo ni kwamba Shangazi hajui kunong'ona, hata anapojibu mnong'ono.

"KUKOJOA TU?"

Feni ililia. Meneja akakumbuka ana kazi ndani, akarudi chumbani kwake. Baba akaanza kusoma bango la ukutani kwa makini sana, bango lenyewe lina neno moja. Bosi alimtazama dada yake kwa mshangao, maana yeye aliacha zamani.

"Jamani, mwanangu," Shangazi alisema, sasa kwa kujaribu kunong'ona, ambako kulisikika vizuri vilevile. "Mimi nilikojoa mpaka nakaribia kuolewa. Muulize baba yako, tulilala kitanda kimoja!"

"Dada, tafadhali," Baba alisema kwa bango.

Dada wa wakala alikuwa amekaa. Alivuta kompyuta karibu, akapangusa jicho kwa mgongo wa mkono, akauliza kwa sauti ya kazi: "Kwa hiyo ni Zumaridi au Samawati?"

Walitazamana. Mama ndiye aliyejibu. "Ajibu mwenyewe."

"Zumaridi," Kimya alisema. "Chumba cha wasichana."

"Godoro moja liwekewe shuka la plastiki chini. Naandika maombi, mhudumu ataweka kabla hamjaingia. Wanaomba wengi." Dada akaandika. Kila kitufe Kimya alikisikia. "La juu au la chini?"

"La chini," Redio alisema. "La juu ni langu, nilishasema."

Ungedhani yameisha. Lakini dada hakutabasamu, na macho yake yalikwenda mlangoni, kwenye nafasi ile ilipokuwa imesimama familia ya kigari. Kimya akaona.

"Dada, nisamehe," alisema.

"Sawa, mdogo wangu." Haikuwa sawa.

Kimya akatoka. Alishuka ngazi mbilimbili, yeye ambaye hata kununua kalamu humtuma Bosi. Aliwakuta mbele ya duka la dawa, wamesimama kivulini, bwana anatafuta kitu kwenye mkoba wa mtoto. Watu walikuwa wanapita. Alisimama mbele ya kigari.

"Shikamooni. Ile habari ya ugonjwa ni uongo. Mimi ndiye niliyeitunga. Yule dada hajaficha kitu."

Mama wa mtoto alimpima kuanzia juu mpaka chini. "Wewe, msichana mkubwa hivi? Ukatunga ugonjwa? Kwa nini?"

Mzee mmoja aliyekuwa akitoka dukani alipunguza mwendo ili asikie. Kimya aliona anavyopunguza. Angeweza kusema ilikuwa utani.

"Nakojoa kitandani," alisema. "Niliogopa kulala chumba kimoja na binamu yangu."

Yule mama alitazamana na mumewe. Bwana alibana midomo ili asicheke, hakufaulu sana. Mkewe hakucheka. Alitikisa kichwa, akasema, "Sasa ungemfukuzisha mtu kazi," akageuza kigari kuelekea ngazi. Mumewe akashika magurudumu ya mbele.

Kimya aliwatangulia kupanda. Uso ulikuwa unamwaka mpaka masikioni. Aliingia ofisini akihema.

"Wanarudi," alisema. "Wako kwenye ngazi."

Dada wa wakala akasimama. Shangazi akasema alhamdulillah. Baba aliliacha bango lake, akampita binti yake, akaenda mpaka mlangoni kuangalia mwenyewe.