Safari ya Nkwenda Iliyosubiri Gari

Jovin hakwenda Nkwenda kununua gari. Alikwenda kumjulia hali mama yake mdogo, Kokugonza, ambaye miguu ilikuwa imemvimba hata akawa hatoki nje ya ua wake. Mwaka huo kahawa ilikuwa imelipa, na duka lake la saruji na mabati pale Ihanda lilikuwa linakwenda vizuri. Mkewe Vero alikuwa ameshamwambia mara nyingi kwamba wakinunua gari, wanunue Probox, gari la kubebea mifuko na mikungu ya ndizi bila kulionea huruma. Jovin alikuwa amekubali, na alikubali kwa moyo wake wote, mpaka alipopita mbele ya ghala la Egbert, mnunuzi wa mazao, akaona gari la Kijerumani limeegeshwa kivulini.

Lilikuwa la buluu iliyoiva, la milango minne, limeinama chini kama mnyama anayenyatia. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka ishirini, lakini Egbert alikuwa amelisugua likang'aa. Alimkalisha Jovin kwenye kiti cha ngozi, akamwambia awashe. Injini ikanguruma kwa sauti nzito, tulivu, ambayo Jovin aliisikia mpaka mbavuni.

"Lina matatizo gani?" akauliza.

"Madogo madogo ya utu uzima," Egbert akasema. "Ukitaka jipya la aina hii utauza kibanja chote, na migomba yake."

Jovin akapiga hesabu kichwani pale pale. Bei ilikuwa karibu sawa na ya Probox. Akatenga fedha kidogo za matengenezo, kidogo kweli, kama mtu anayetenga nauli, akaona zimetosha, akalinunua. Jioni ile ile alilipeleka gari hadi mlangoni kwa mama mdogo. Kokugonza alijikokota, akaegemea mlango, akacheka kwa furaha.

"Sasa huna kisingizio, mwanangu. Niletee dada yangu. Tangu tumzike baba yako hatujakaa pamoja."

"Kabla ya Krismasi, mama. Atakuja amekaa mbele kama mke wa waziri."

Akirudi Ihanda, kabla hajafika Omurushaka, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Akaitazama, akaongeza sauti ya redio.

Pale nyumbani gari lilikwaruza tumbo kwenye njia ya kuingilia uani, na kesho yake Jovin alishinda na jembe akisawazisha. Mama yake, Evangelina, alilizunguka gari taratibu, mikono nyuma. Alipoambiwa kwamba ndilo litakalompeleka kwa mdogo wake, mchana alionekana akichemsha kahawa mbichi kwa majani ya kunukia, ile ya kutafuna, ili aipeleke Nkwenda kama zawadi.

Jovin akalipeleka gari Kayanga kwa fundi Shaaban.

"Bosi, gari ni zima," Shaaban akasema akijifuta mikono. "Ila pampu ya maji imechoka, bushi za mbele zimekwisha, na giabox inavuja. Spea zake hapa hakuna. Tuagize Dar."

Shaaban hakumdanganya. Kila alichosema kilikuwa kweli siku aliyokisema. Shida ni kwamba kila kifaa kipya kilipofungwa kilianika uchovu wa jirani yake. Zile fedha za matengenezo ziliishia kwenye pampu na bushi. Baada ya hapo zikaja shokapu, zilizolipiwa kwa fedha ya mbolea. Zikafuata sensa, vifaa vidogo vya umeme ambavyo Jovin hakujua hata vinakaa wapi, na hivyo vilikula fedha za mabati yaliyokuwa yanunuliwe kwa ajili ya duka.

"Baba Joyness," Vero alimwambia siku moja wakila, "tulipanga bajeti ya gari, au sasa gari ndilo linatupangia bajeti?"

"Likishapona litatulia. Tukiacha sasa, yote tuliyoweka yamepotea."

Krismasi ikapita. Ile kahawa ya zawadi ikatafunwa na wageni. Evangelina akachemsha nyingine. Kila jioni aliongea na mdogo wake kwa simu, wakicheka kwa Kinyambo, na simu ilipokatika alikaa nayo mapajani.

"Jovin," alisema asubuhi moja wakinywa chai na Vero, "mimi naweza kupanda bodaboda mpaka Omurushaka. Pale magari ya Nkwenda hayakosekani."

"Mama! Watu watasemaje? Mtoto ana gari, halafu mama yake anabanwa na abiria?"

"Watu gani hao?"

Jovin akajibu kwa ukali kidogo kwamba gari liko karibu kupona. Evangelina akarudi jikoni. Alikuwa mama asiyependa kumbishia mtoto wake mbele ya mkewe.

Jumapili moja baada ya Pasaka, Shaaban akakabidhi gari. Lilikwenda kama maji. Baada ya ibada Evangelina akapanda mbele, amevaa gauni lake la gomesi la kijani, kifurushi cha kahawa mapajani. Vero akakaa nyuma na mkungu wa ndizi miguuni. Jovin alipopita barabarani aliona vijana wa bodaboda wakigeuza shingo, akajisikia mtu.

Walikuwa wamekwishaipita Omurushaka, kwenye kilima cha kuelekea Nkwenda, mshale wa joto ulipopanda. Moshi mweupe ukatoka chini ya boneti. Jovin akasimamisha gari, akafungua, akapigwa na mvuke usoni. Maji yalikuwa yakichuruzika barabarani.

Wakakaa ukingoni. Haukupita muda, gari la abiria likapunguza mwendo, na kondakta akatoa kichwa dirishani.

"Nkwenda! Nafasi zipo! Bibi, twende!"

Evangelina akasimama. Alikuwa ameshashika kifurushi chake. Akamtazama mwanawe, na Jovin, shati limelowa, uso unawaka kwa aibu, akampungia kondakta mkono apite.

"Tutakwenda wiki ijayo, mama. Gari likipona. Siyo hivi, kama wakimbizi."

Gari la abiria likaondoka na vumbi lake. Evangelina akakaa tena juu ya jiwe. Vero akaenda kutafuta usafiri wa kurudi Ihanda.

Wiki ijayo ikawa mwezi, kwa sababu gasketi ilikuwa imeungua na kichwa cha injini kimepinda. Spea ikiwa bado njiani kutoka Dar, simu ikaja alfajiri. Alikuwa Mackrine, binti wa Kokugonza. Mama yake alikuwa amelala, na hakuamka.

Walikodi Probox. Dereva alikuwa mtu wa kawaida, gari lina nyufa kwenye kioo, na liliwafikisha Nkwenda kabla chai ya asubuhi haijapoa. Nauli yake haikufika bei ya ile sensa ndogo kuliko zote. Jovin hakutaka kuipiga hesabu hiyo, ila ilijipiga yenyewe njia nzima.

Baada ya mazishi Mackrine alimletea maji ya kunawa.

"Alikuwa anakutaja sana," akasema. "Nilitaka nikupigie nikukumbushe umlete mama mkubwa. Akanikataza. Alisema, 'Mwache Jovin, gari linamsumbua, ana mawazo mengi.'"

Jovin alinawa, na chakula kilipoletwa hakuweza kukigusa.

Gari lilipona mwezi uliofuata. Lilipona kweli. Aliliuza Kayanga kwa nusu ya bei aliyolinunulia, ukiacha yote aliyolilisha, na hakugeuka kulitazama likiondoka. Watu walimwambia amepata hasara. Akawaitikia.

Ilimchukua muda kuongea na mama yake. Alimkuta kibanjani akikata majani makavu ya migomba, akachukua kisu kingine, akaanza kumsaidia.

"Mama, ile siku pale kilimani. Ningekuacha upande lile gari."

Evangelina hakuacha kukata. "Na mimi ningepanda tu," akasema. "Nilikuwa nimeshasimama. Nikaona watu wanakuangalia, nikasema nisimwache mwanangu peke yake na aibu yake." Akaangusha jani chini. "Nalifikiria hilo kila siku. Kwa hiyo usidhani unabeba peke yako."

Jovin alitamani mama amkaripie. Angemkaripia, labda angepumua. Akahamia mgomba wa pili, wakaendelea kukata, kila mtu upande wake.