Mikono ya Marehemu Kwenye Mwongozo

Mwandishi wa miongozo ya mashine za hospitali aliitwa Bi Koma na wenzake ofisini, maana alikuwa mkali kwa kila alama ya uandishi. Jina lenyewe alilianzisha mumewe marehemu, fundi wa mashine hizohizo. Alikuwa mtu wa utani, ila kamera hakuivumilia. Ukimwelekezea tu, kageuza uso. Hata picha ya mazishini ilibidi ikuzwe kutoka kwenye kitambulisho cha kazi. Alichokubali ni kupigwa picha za mikono tu, kwa ajili ya mwongozo wa mashine ya oksijeni: kidole gumba kikibana mrija, kidole cha shahada kikionyesha vali.

Tangu amzike, Bi Koma alianza kila asubuhi kwa kuufungua mwongozo ule. Hakuwa na la kurekebisha. Aliitazama ile mikono, akajifuta macho, kisha akaendelea na kazi zake.

Picha zile mumewe alizipandisha kwenye ukurasa wake mwenyewe mtandaoni. Programu ya kuandalia miongozo ilitoa njia mbili: ama picha iingizwe ndani ya waraka, ama waraka ubebe anwani tu na kuivuta picha mtandaoni kila unapofunguliwa. Bi Koma aliweka anwani, kwa kuwa mume hakuchoka kupiga upya. Leo kucha chafu, kesho kidole kimeziba vali. Wakimaliza, angeziingiza ndani. Wakamaliza, kazi nyingine zikaja, na jambo lile likamtoka kichwani. Mwezi uliopita, alipochoshwa na watu waliokuwa bado wakimtakia marehemu heri ya kuzaliwa, aliufunga ukurasa ule, na vyote vilivyokuwemo vikafutika.

Asubuhi moja akapigiwa simu na nesi wa zahanati ya mbali.

"Dada, mwongozo wenu hauna picha. Nina mgonjwa anahitaji oksijeni na mrija umechomoka. Naona viboksi vitupu tu."

"Kwangu zipo, nesi. Hebu subiri nihakikishe."

Zilikuwepo kweli. Lakini pale ofisini walikuwa na utaratibu wao, tena yeye ndiye aliyewakazania wenzake: usimbishie msomaji kabla hujaona anachokiona. Kompyuta huweka nakala ya picha iliyowahi kuivuta, ikakuonyesha hiyo hata kama mtandaoni haipo tena. Basi unafuta nakala kwanza, ndipo unafungua upya. Vidole vyake vilifanya hivyo kwa mazoea, kabla akili haijafika.

Viboksi vitupu, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Hapo ndipo alipoukumbuka ukurasa alioufunga. Amemfuta mumewe mara mbili, kule mtandaoni na sasa hapa kwenye kompyuta, na mara zote mbili kwa mkono wake mwenyewe.

"Dada, upo? Umeziona?"

"Sizioni. Nisikilize mimi. Shika mrija kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba juu, karibu kabisa na mdomo wake. Kipinde kidogo."

"Kipinde vipi?"

Bi Koma alifumba macho, akamwelekeza kidole baada ya kidole. "Sasa sukuma huku unazungusha."

Kitu kikabana, kisha mashine ikasikika ikipuliza.

"Imekubali," nesi akasema. "Ahsante, dada. Yote hayo umeyakariri?"

"Hapana. Ni mikono ya mume wangu. Nilikuwa naitazama kila siku."

Lakini nesi alishakata simu, amemwahi mgonjwa wake.