Mikeka Sita

Mimi ni mtu wa hasira, na sioni haja ya kuficha. Pale Mobeni, ninakoendesha forklift kwenye ghala la rangi, wenzangu kila siku wananiambia, Omwenga, punguza moto. Kwa hiyo wakisikia kwamba leo nasimulia habari ya shukrani, atakayecheka acheke. Nitamshukuru Bertrand mpaka watu wachoke kunisikia.

Jumamosi mimi ni refa. Nimechezesha ligi ya vyuo hapa Durban miaka kumi na moja, na beji ya kifuani niliishona kwa mkono wangu, sindano ikinichoma. Nimetukanwa kwa Kizulu, kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa lugha ambazo sijui zinatoka wapi. Sijali. Beji hiyo ndiyo kitu pekee katika mji huu ambacho hakuna mtu aliyenipa kwa kunihurumia.

Sasa, dada yangu Jael, kitinda mimba wetu, alikuwa anaolewa na Mzulu wa Pinetown. Kwao iko sherehe wanayoiita umabo. Bibi harusi anawapa wakwe mablanketi na mikeka. Jina la mkwe linaitwa, mkeka unatandikwa mbele ya watu, anaukalia, vigelegele vinapigwa. Nilimwambia Jael kwamba sisi Wakisii mkeka hatuujui. Akanijibu kuwa asiyeleta mkeka hana adabu, na kwamba mimi ndiye kaka mkubwa. Basi, likawa langu.

Kanisani nikapewa namba ya mama mmoja Mkongo, Estella, anayeuza mikeka Pinetown. Nikaagiza sita: mitano ya wakwe, mmoja wangu mwenyewe, maana mgongo wangu umechoka na godoro. Simuni nikamwandika Mama Mikeka.

Jumanne kabla ya fainali, nikiwa juu ya forklift, nikamwandikia hivi: "Ile mikeka yangu sita nimeshalipa yote. Jumamosi mechi ikiisha nakuja kuchukua changu. Sitaki hata mmoja uchanike." Nikabonyeza, nikarudisha simu mfukoni. Kidole changu hiki kinene. Chini ya Mama Mikeka kulikuwa na Marefa wa Vyuo, kundi letu la waamuzi, na ujumbe ukaenda huko. Jioni nikampigia Estella mwenyewe tukaelewana, na sikujua nimefanya nini.

Kama hubeti, hapo huoni kosa. Lakini kwa watu wa kubeti wa kwetu Kenya, na wa Tanzania pia, mkeka si wa kulalia. Mkeka ni ile karatasi ya mechi unazotabiri, zimepangwa moja chini ya nyingine. Timu moja ikikuangusha, mkeka umechanika. Na refa akikutwa na mkeka, hata wa shilingi moja, ananyang'anywa beji maisha.

Fainali ilikuwa Chuo cha Miamba na Chuo cha Bonde. Miamba walikuwa wakubwa, Bonde hata viatu waliazimana. Wanaobeti walikuwa wamewapa Bonde odi ya sita, yaani ukiweka moja unapata sita, kwa sababu hakuna aliyewaamini. Dakika ya themanini na saba, bila kwa bila, uwanja tope tupu, Bonde wakapata kona. Nikasikia kocha wa Miamba, Mkongo anayeitwa Bertrand, anaita kutoka benchi: "Sabuni! Sabuni!" Nikajiambia, huyu naye anawaza kufua saa hizi.

Mpira ukapigwa. Mimi kwenye kona siangalii mpira, mpira haujawahi kumkosea mtu. Naangalia mikono. Nikamwona namba nne wa Miamba ameshika jezi ya mshambuliaji wa Bonde mpaka tumbo la kijana wa watu liko nje. Nikapuliza. Penalti, bao, kombe likaenda Bonde. Nilitoka uwanjani nikisindikizwa na polisi, nikaenda Pinetown kuchukua mikeka yangu kwa Estella, nikalala vizuri.

Jumatatu barua ikafika. Melvin, Mkenya mwenzangu, aliyekuwa mshika kibendera wangu siku ile, alikuwa ameupeleka ujumbe wangu kwa kamati. Mikeka sita, odi ya sita, penalti ya dakika za mwisho. Ukiweka hivyo mezani, hata mimi ningejifunga jela. Kamati ikasema Alhamisi nijieleze, na nikikutwa na hatia beji inakwenda na fainali inarudiwa. Nilitaka kwenda kumtafuta Melvin. Jael alificha ufunguo wa gari langu siku tatu, na leo namshukuru kwa hilo pia.

Ofisi ya kamati iko South Beach, chini ya ghorofa moja refu. Mwenyekiti ni Mama Mumtaz, mzaliwa wa Durban hapa hapa, mababu zake walitoka Zanzibar. Kiswahili chake ni kile alichoachiwa na bibi yake, kichache lakini safi. Akasoma ujumbe wangu, akavua miwani.

"Mkeka ni wa kulalia," akasema. "Mbona tumeitana?"

Melvin akasimama akaeleza mkeka wa kubeti, na kuchanika, na kuchukua changu, yaani pesa za ushindi. Alieleza vizuri mno. Mama Mumtaz akamtazama.

"Na wewe, mwamuzi, umejifunza wapi haya yote?"

Melvin akatazama dari. Lakini hilo halikunisaidia mimi. Nikawatoa nje, nikafungua buti, mikeka ile hapo, sita, imefungwa kamba. Mama Mumtaz akaishika, akainusa.

"Mizuri," akasema. "Lakini Bwana Omwenga, mikeka inauzwa kila siku. Ungeweza kuinunua jana."

Nikamwambia nitampigia aliyeniuzia. Akasema muuzaji atasema atakalo mteja wake. Eish, damu ikanipanda. Nikasema penalti ilikuwa halali, nikasema niliona kwa macho yangu, nikasema hata kelele za benchi nilizisikia, mtu alikuwa anaita sabuni. Wote wakacheka. Kamera ya upande ule haikuwepo. Tuliporudi ndani nilikaa chini nikiwa nimeshika beji yangu kifuani kwa kiganja, kama mtu anayeumwa moyo, na kusema kweli nilikuwa naumwa.

Bertrand alikuwa amekaa nyuma. Miamba walimtuma aje kudai marudio, na marudio yalikuwa yake tayari, alihitaji kunyamaza tu. Akainuka, mtu mrefu, anaongea taratibu.

"Mama Présidente," akasema, "hii mikeka minaijua. Ilikaa ku nyumba yangu wiki mbili, ku saloni, pale tunapokea wageni, na mi niko naruka juu yake kila asubuhi juu ya kwenda kazini. Estella ni bibi yangu wa ndoa. Huyu arbitre hanijue, lakini jina lake lilikuwa limeandikwa pale ku kikaratasi ya kamba, Omwenga, sita."

Mama Mumtaz akamwuliza kama anajua anachokisema kitawanyima Miamba marudio.

"Minajua. Na ile sabuni, alisikia muzuri. Ni neno letu. Kama corner iko inakuja, minaita sabuni, wachezaji wangu wanashika maillot ya adui, wanakamua kama nguo. Ma-arbitre wote wanaangalia mpira. Huyu aliangalia mikono." Akawageukia wanakamati. "Miaka tatu minaita sabuni, hakuna mutu alishaiona. Sasa mutu mumoja anaiona, munataka kumufukuza."

Hakuna aliyecheka. Mama Mumtaz akavaa miwani, akaandika, akanisukumia karatasi nitie sahihi. Nilibaki na beji yangu. Melvin akaniomba radhi mlangoni na nikamkubalia, nikishangaa mwenyewe.

Nilimkuta Bertrand nje, amesimama kwenye robot anangoja taa ya kuvukia. Mimi ninayejua kutukana kwa lugha nne nilikosa hata neno moja. Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia, taa ikawaka, ikazima, magari yakapita, sisi tupo. Akasema, "Sharp, arbitre, sharp," yaani poa, akaniondoa vidole taratibu, akavuka.

Wiki mbili baadaye nikasikia Miamba wamemnyang'anya timu ya kwanza, wamempa ya akiba. Siku hiyo nilishindwa kula. Mtu ambaye nilimwadhibu mbele ya uwanja mzima alilipa kwa kazi yake ili mimi nibaki na kitambaa changu kifuani, wala hakuniambia.

Jumamosi ya umabo kule Pinetown nilimwalika pamoja na Estella. Jael akawaita wakwe mmoja mmoja, mikeka ikatandikwa, vigelegele, mitano ikaisha. Watu wakadhani imekwisha. Nikamnong'oneza Jael, akanitazama kama nimepandwa na wazimu, kisha akaita kwa sauti: "Bertrand!"

Nikautandika ule wa sita mwenyewe, wangu wa mgongo. Bertrand akasimama pembeni na sahani yake ya nyama, anatazama huku na huku. Wakwe hawakujua huyu ni nani kwetu. Mama mkwe wa Jael akaniuliza, nikamwambia ni mtu wetu, na wale mama wa Kizulu hawakuhitaji zaidi, wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Akaja, akavua viatu, akakaa. Akaupapasa mkeka kwa kiganja, akaona kile kikaratasi cha kamba bado kimening'inia ukingoni, jina langu limeandikwa kwa mkono wa mke wake.

"Huu nimeuruka wiki mbili," akasema.

"Leo kaa," nikamwambia. Nikakaa karibu yake chini, mgongo wangu ukiniuma, na nikasema asante. Nilisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, na mara hii neno lilitoka.