Jeli ya Magamba ya Kaa

Vita vilipokata reli mwaka 1999, hospitali haikuwa tena na dawa ya majeraha ya moto. Safi alilala humo, kifua kimeungua kwa mafuta ya taa. Mumewe Kabwe, mwalimu wa kemia, alikuwa na kitosani, unga alioutoa katika magamba ya kaa, ambao jeli yake hufunika kidonda cha moto. Akauyeyusha katika siki, akadondosha maji ya soda kali ya kutengenezea sabuni polepole, mpaka ule uteute ukaganda, ukashika maji yake yote. Akausuuza kutwa nzima, soda isimchome mkewe.

Alipofika hospitalini na bakuli la jeli, kitanda kilikuwa kitupu.

“Alikufa saa sita ya mchana, mwalimu,” muuguzi alisema. “Iko mwanamuke mwengine ameungua. Utatupatia ile?”

Kabwe akampa bakuli, akaketi sakafuni.