Nukta Nyekundu kwenye Saa ya Mjomba

Kazini walimwita Nukta, na mwanzoni jina hilo lilimkera kweli kweli. Lilitokana na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ya kuwaka, alichokiweka kwenye sanduku lake la vifaa katikati ya spana na vitambaa. Si kwamba alipaka kucha. Alipaka saa. Na saa ninazozisema hapa si za kuangalizia muda wa chai, ni zile kompyuta ndogo ambazo mpiga mbizi huvaa mkononi, zinazomwambia yuko kina gani, amekaa chini muda gani, na gesi kiasi gani imeshajikusanya mwilini mwake. Nyuma ya kila saa kuna kifuniko cha betri kinachofunguliwa kwa sarafu, na chini yake mpira mwembamba wa duara, oringi, unaozuia maji yasiingie. Nukta akishafunga kifuniko hutia tone moja la rangi, nusu kwenye kifuniko, nusu kwenye saa yenyewe. Mtu akikizungusha hata kidogo, tone linakatika vipande viwili na kila mwenye macho anaona.

Basi wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Leo kucha, kesho utaipaka wanja," alisema mjomba wake, naye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Huyo alikuwa mjomba wa damu, kaka wa mama yake, si mjomba wa heshima. Ndiye aliyemfundisha kuogelea akiwa na miaka sita, ndiye aliyemwingiza kwenye kazi ya kupiga mbizi, na ndiye aliyemtembeza kifua mbele siku alipopata cheti. Miaka thelathini ndani ya maji! Saa alivaa kwa sababu sheria ya kazi ilimtaka avae. Yake ilikuwa ya zamani, kubwa kama kopo la dawa ya viatu, na ukimwuliza inasema nini, anajibu, "Inanisalimia." Kila jioni Nukta aliichukua kutoka alikoitupa, akailoweka kwenye beseni la maji safi pamoja na ya kwake, akaifuta, akaianika kivulini. Mjomba akipita anamwambia asisahau kuibembeleza ilale.

Sasa sikiliza. Mji ulikuwa umeingia siku ya tatu bila tone la maji bombani. Kule chini ya bwawa, mita ishirini na nane, wavu wa chuma unaokinga mdomo wa bomba kuu ulikuwa umezibwa na magogo na nyavu kuukuu. Ilibidi vali ifungwe, mpiga mbizi ashuke akafungue boliti nne, kisha winchi iunyanyue wavu na uchafu wake wote, na mwingine uliokwishaandaliwa ushushwe kwenye reli zake. Msimamizi wa kazi alikuwa Nukta, na usimamizi wenyewe ulikuwa na wiki moja tu. Asubuhi hiyo Mhandisi, bosi wao wote, alimwita ofisini kueleza mpango, na mkutano ukarefuka. Alipomaliza na kuteremka kwenye jukwaa la bwawani, mjomba alikuwa ameshazama, ameshapanda, na ameshakunywa chai.

"Mlianza bila mimi?" aliuliza.

"Mji una kiu, mwanangu. Tungekusubiri umalize mikutano?" Mjomba alikuwa amekaa juu ya mtungi, taulo shingoni. "Mambo yanakwenda. Boliti moja imetoka. Nikirudi saa hizi nazimaliza tatu."

Nukta akamgeukia Twiga, mpiga mbizi wa tatu, jitu refu lenye moyo wa kifaranga, ambaye ndiye aliyeshika kamba. Daftari la Twiga lilisema mita ishirini, dakika kumi na tano. "Nani kakupa hizi hesabu?"

Twiga aliangalia viatu vyake. "Mjomba kaniambia niandike."

"Mjomba, saa yako inasemaje?"

Na hapo, jamani, mzee akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aivae. Aliuvuta mkono wa suti juu, akainyoosha saa mbele ya Mhandisi, ambaye naye alikuwa ameshafika, na akasema kwa mbwembwe, "Haya, soma mwenyewe! Si wewe unayetuhubiria kila siku tuisikilize saa? Leo isikilize basi."

Kioo kilikuwa safi. Hakuna onyo, hakuna muda wa kusubiri. Kwa mujibu wa saa ile, mjomba alikuwa mtu aliyeamka tu, hajagusa maji.

"Safi kabisa," Mhandisi alisema. "Hospitali ya hapa mjini wanachota maji kwa ndoo, dada yangu. Mruhusu ashuke tumalize."

Kuna kitu hakikumkalia Nukta sawa. Mtu ametoka chini si muda mrefu, saa yake ingelazimika kuonyesha angalau kwamba alizama. Tena mjomba alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto, na mjomba hakuwa wa kushoto. Kosa la mkono wenyewe lilikuwa dogo sana, mtu mwingine asingelitambua. Lakini Nukta alikuwa ameushika mkono huo wa kulia tangu utotoni.

"Ivue," alisema.

"Nini?"

"Saa, Mjomba. Ivue unipe."

Mjomba aliivua kwa kusitasita. Nukta akaigeuza. Nukta nyekundu ilikuwa imekatika: nusu huku, nusu kule, zimeachana upana wa punje ya mchele.

Alichukua sarafu, akakifungua kifuniko mbele yao wote. Juu ya oringi ulikuwa umelala uzi wa taulo, mweupe, urefu wa ukucha. Saa ile ingeshuka mita kumi tu ingejaa maji na kuzimika.

"Nani aliyetoa betri?"

Twiga akajikohoza kikohozi cha uongo.

"Ilijifunga," mjomba alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa tena ya mbwembwe. "Nilipotoka ilikuwa inalia kama mtoto. Ilisema nimekaa sana chini, ilitaka nisimame njiani, na mimi sikusimama, nilipanda moja kwa moja. Ikakataa kazi mpaka kesho kutwa. Nikasema, ah, betri ikitoka na kurudi itasahau."

"Imesahau kweli. Na mwili wako, Mjomba, nao umesahau?" Nukta alisikia hasira inampanda mpaka masikioni, hasira yenye machozi ndani yake. "Ile gesi uliyopanda nayo iko wapi? Umeitoa na betri?"

"Usipige kelele mbele za watu."

"Napiga! Mkono huo una nini?"

"Nimechoka tu. Spana nzito."

"Shika kikombe nao."

Alijaribu. Vidole vilikizunguka kikombe, vikashindwa kukaza, chai ikamwagika mapajani. Mjomba aliutazama mkono wake kwa mshangao wa mtu anayeona kitu cha mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Nukta alimwona mzee huyo akiogopa.

Hapo hapakuwa na mjadala tena. Walimlaza chali, Nukta akamvalisha barakoa ya oksijeni kwa mikono yake mwenyewe, dereva akawasha gari. Hospitali yenye chumba cha shinikizo, cha kuitoa gesi hiyo mwilini taratibu, ilikuwa mwendo wa saa moja. "Usiitoe barakoa hata ukishikwa na kiu," alimwambia. Mjomba akamshika kiganja kwa mkono mzima, wa kushoto, akakibana. Gari likaondoka.

"Na maji?" Mhandisi aliuliza, taratibu sasa.

"Nitazama mimi. Sijagusa maji leo. Twiga atashika kamba, na daftari ataandika anachokiona, si anachoambiwa."

"Sawa, Bosi," alisema Twiga, na ndiyo mara ya kwanza yeyote kumwita hivyo.

Nukta aliikagua saa yake kana kwamba hajawahi kuiona: betri imejaa, nukta nzima, saa inajua itashuka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi na kwamba bwawa liko juu milimani, maana huko juu muda wa kukaa chini hupungua. Akahakikisha vali imefungwa. Akashuka.

Chini kulikuwa na giza la kahawia na baridi ya kuuma meno. Boliti ya pili ilitoka kwa tabu. Ya tatu ilimtoa jasho ndani ya maji, kama jambo hilo linawezekana. Alipoiweka spana kwenye ya nne, saa ikamwonyesha dakika nne zimebaki. Boliti ikasogea robo mzunguko. Dakika tatu. Akaiwazia hospitali na ndoo zake, akamwaza Mhandisi huko juu anakula kucha. Boliti moja tu! Kisha akawaza mkono wa mjomba na kikombe. Aliifunga spana kwenye wavu kwa kamba, akaanza kupanda.

Alipanda polepole kuliko mapovu yake madogo kabisa. Kwenye mita tano alisimama, saa ikihesabu dakika za kusubiri. Kamba ikavutwa mara mbili kutoka juu, Mhandisi huyo, anauliza kulikoni. Nukta akajibu kwa mvuto mmoja: mzima, tulieni. Akaning'inia pale akitazama namba zikishuka, wala hakuiba hata sekunde.

"Bado moja," alisema alipotoa kichwa.

"Moja? Na hukumalizia?"

"Nitamalizia baada ya saa tatu, mwili ukishatoa gesi."

Mhandisi alikwenda kuzunguka jukwaa, akazunguka tena, akahesabiwa na Twiga mizunguko arobaini na sita. Nukta alikaa kivulini, akanywa maji, akapiga simu hospitali, akaambiwa mgonjwa ameingia chumbani na mlango umefungwa. Aliomba kimoyomoyo. Hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama kukaa kule.

Saa tatu zilipotimia saa ya mkononi ikampa ruhusa, dakika chache kuliko mwanzo lakini zinazotosha. Akashuka. Boliti ya nne ilikubali kwa mzunguko wa tano! Akaifunga ndoano ya winchi, akajitenga kando, akavuta kamba, na wavu ukanyanyuka na magogo yake kama meno mabovu yanayong'olewa. Ule mpya ukashuka kwenye reli ukakaa kwa mlio mmoja, kwaa! Akapanda, akasimama mita tano dakika zake zote, akatoka.

Walifungua vali. Bomba kuu likaguna, likakohoa, kisha likanguruma mpaka jukwaa likatetemeka chini ya miguu yao. Twiga alipiga vigelegele, mwanamume mzima wa kimo kile. Mhandisi alimkumbatia Nukta na suti yake inayochuruzika, akalowa mpaka soksi, na wala hakujali. Simu ikalia katikati ya kelele hizo. Nukta aliisikiliza, akaketi chini pwaa, akalia kwa sauti.

"Kafa?" Twiga aliuliza, rangi imemtoka.

"Ameomba chai," alisema Nukta. "Amekishika kikombe mwenyewe. Mkono wa kulia."

Siku ya kumi na mbili mjomba aliingia stoo ya vifaa. Daktari alikuwa bado hajamruhusu kugusa maji, na alikuwa amekonda kidogo. Alikaa mezani bila kutania mtu. Akatoa saa yake kuukuu, betri mpya na oringi mpya. Akaifuta sehemu ya kifuniko kwa kitambaa kisicho na nyuzi, akapitisha oringi kati ya vidole vyake na mafuta kidogo tu, akaikagua kwenye mwanga, akaikalisha, akafunga. Kisha akanyoosha mkono bila kuinua macho.

"Lete hiyo rangi yako."

"Nikupakie, Mjomba?"

"Nitapaka mwenyewe."

Alichovya kibrashi. Nukta alikaza macho kwenye vidole vile. Havikutetemeka hata kidogo. Tone likatua pale pale penye mpaka, nusu huku nusu kule, duara na jekundu.

"Haya," mjomba alisema, akiipuliza ikauke. "Sasa nionyeshe hilo beseni linakaa wapi."